Kwa Baisikeli Katika Nchi ya Maziwa

Siku hizi ni nyumba chache katika mwambao wetu zisizo na mtu wao Uingereza. Huyu ana kaka yake London, yule ana binti yake Leicester, na mwingine ana wajukuu Birmingham ambao hawajapata kuiona nchi ya wazee wao. Jamaa wa kwetu huwazuru wakati wa kiangazi, na mara nyingi huonyeshwa majumba na maduka tu, wakarudi wakidhani kwamba nchi ile yote ni matofali na lami. Makala haya yataeleza upande wake mwingine, nao ni Nchi ya Maziwa, na khasa yataeleza namna watu wa nyumba moja, wakubwa kwa wadogo, wanavyoweza kuizunguka kwa baisikeli za milimani na wote wakarudi salama.

Hatukusudii kuisifu milima hiyo, kwani imekwisha sifiwa na walio bora kuliko sisi. Tunakusudia kubainisha jambo moja, nalo ni kwamba matembezi ya aina hii hutengenea au huharibika jana yake jioni, wakati ramani imetandazwa juu ya meza. Anayeamka asubuhi na kushika njia kwa sababu tu jua linawaka, ameiacha akili yake kitandani.

Nchi yenyewe

Nchi ya Maziwa iko kaskazini-magharibi ya Uingereza, katika jimbo la Cumbria, si mbali na mpaka wa Scotland. Mwaka 1951 serikali iliifanya kuwa hifadhi ya taifa, na mwaka 2017 UNESCO ikaitia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ndani yake umo mlima Scafell Pike, wenye kimo cha mita 978, ambao ndio mrefu kuliko yote ya Uingereza yenyewe, ukizitoa Scotland na Wales.

Msomaji wa Mwanza au Kisumu akisikia neno ziwa hufikiri maji yasiyoonekana ng'ambo. Maziwa ya huko si hivyo. Windermere, lililo kubwa kuliko yote, lina urefu wa kiasi cha kilomita 17 tu, na chombo huuvuka upana wake kwa dakika chache. Maziwa hayo yamelala membamba na marefu ndani ya mabonde, kwa kuwa mabonde yenyewe yalichongwa na barafu nzito zamani za kale. Barafu ilipoyeyuka, maji yakabaki. Kwa sababu hiyo baina ya bonde na bonde pana mgongo wa mlima, na njia itokayo huku kwenda kule haina budi kupanda kwanza ndipo ishuke. Mpanda baisikeli alikumbuke hili kabla ya jambo lolote.

La pili la kukumbukwa ni mvua. Kitongoji cha Seathwaite, katika bonde la Borrowdale, hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka. Mwezi wa Desemba 2015, katika tufani iliyopewa jina la Desmond, kipimo cha mvua kilichoko Honister kilionyesha milimita 341.4 kwa muda wa saa 24, kiasi ambacho hakikuwa kimepata kupimwa mahali popote pa Uingereza nzima. Tena hewa hupoa kwa kadiri mtu anavyopanda, kiasi cha digrii 6 kwa kila mita 1,000. Basi mtu anaweza kuliacha jua mjini, na baada ya saa mbili akawa ndani ya wingu la baridi hata asilione gurudumu lake la mbele.

Njia na sheria yake

Mgeni hudhani kwamba kila njia ipitikayo ni halali kwa baisikeli. Sivyo. Katika Uingereza njia zikatazo mashamba na milima zina daraja zake. Iko njia ya miguu, ambayo mtu ana haki ya kuipita kwa kutembea tu. Iko njia ya farasi, ambayo hupitwa na mtembeaji na mpanda farasi, na tangu sheria iliyopitishwa na Bunge mwaka 1968, hupitwa na mwenye baisikeli pia. Lakini haki hii ya tatu ilitolewa kwa sharti kwamba mwenye baisikeli awapishe wale wawili wa kwanza. Ukimwona mzee na fimbo yake anakuja, wewe ndiye wa kusimama. Ukimwona farasi, punguza mwendo tangu mbali na useme maneno ya salamu, ili mnyama ajue kwamba ajaye ni binadamu.

Kwa hiyo njia kuwa pana na laini si hoja. Yako mapito mazuri kandokando ya maziwa ambayo hayakufunguliwa kwa baisikeli, na yako mapito ya mawe matupu ambayo yamefunguliwa. Anayeamua ni sheria, na dalili ya sheria imo katika ramani.

Kadhalika ijulikane kwamba milima ile ni malisho ya watu. Kondoo wa huko, waitwao Herdwick, hawafungiwi ua mlimani. Kila kundi limezoea sehemu yake, na kondoo jike humfundisha mwanawe mpaka wa malisho kama mama amfundishavyo mtoto njia ya kisimani. Mtungaji wa vitabu vya watoto Beatrix Potter, aliyefariki mwaka 1943, alikuwa mfugaji wa kondoo hao, na mashamba yake mengi aliyaacha kwa wasia mikononi mwa National Trust, mfano wa wakfu, ili ufugaji ule usipotee. Basi lango ulilolikuta limefungwa, lifunge. Ulilolikuta wazi, liache wazi. Na kundi la kondoo usilikimbize kwa kengele na vigelegele.

Mwaka 1844 mshairi William Wordsworth, aliyezaliwa na kufa katika nchi hiyo, aliandika kulipinga shauri la kuleta reli mpaka Windermere, kwa kuchelea kwamba umati wa watu ungeuharibu utulivu wa mahali pale. Reli ilifika mwaka 1847. Umati alioucha Wordsworth leo ni sisi, na njia ya kumkadhibisha ni kupita kwa adabu.

Kuisoma ramani

Ramani ifaayo ni ile ya Ordnance Survey, yenye kipimo cha 1 kwa 25,000, yaani sentimita 4 za karatasi ni kilomita 1 ya ardhi. Nchi ya Maziwa imegawiwa katika karatasi nne, OL4, OL5, OL6 na OL7. Humo njia ya miguu huchorwa kwa vistari vifupi vya kijani, na njia ya farasi kwa vistari virefu vya kijani. Tafauti ni ndogo kwa jicho lakini ni kubwa kwa sheria. Kijana mwenye macho mazuri apewe kazi ya kuifuata njia kwa ncha ya kalamu kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Baada ya hapo hutazamwa mistari ya kontua. Katika milima ile kila mstari ni mita 10 za kupanda au kushuka, na kila wa tano hutiwa wino mzito. Mistari ikitengana, ardhi imelala; ikibanana, ardhi imesimama. Ikiwa ndani ya sentimita moja ya karatasi njia inakata mistari 10, basi katika mita 250 utapanda mita 100. Hapo hapana gia itakayokusaidia. Utashuka, na baisikeli iliyokuwa ikikubeba utaibeba wewe.

Ndiyo maana wazoefu wa huko hawaulizani urefu wa njia tu, bali huulizana na kiasi cha kupanda. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, aliweka kanuni inayotumika hata leo: saa moja kwa kila maili 3 za mwendo, na saa moja zaidi kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kwa vipimo vya sasa ni karibu saa moja kwa kilomita 5, na saa moja kwa mita 600. Kanuni hiyo ni ya watembeao, lakini asiyekuwa mzoefu wa baisikeli aitumie vivyo hivyo katika kupanda, kwani sehemu kubwa atakuwa akiisukuma.

Tutoe mfano. Kutoka mji wa Keswick, ulio chini karibu na ziwa Derwentwater, mpaka nyumba iitwayo Skiddaw House, iliyo katika kimo cha mita 470 nyuma ya mlima Skiddaw, ni kiasi cha kilomita 9, na kupanda ni karibu mita 390. Kilomita 9 ni saa mbili kasoro kidogo. Mita 390 ni dakika 40. Jumla ni saa mbili na nusu, bila ya kupumzika, bila ya pancha, na bila ya mtoto aliyesema amechoka. Hesabu ndogo kama hii, ifanywayo kwa kalamu ya risasi pembeni mwa karatasi, imeokoa watu wengi.

Kipimo ni mnyonge

Wahenga walisema, kamba hukatikia pabovu. Kundi la wapanda baisikeli ni kamba. Njia isipimwe kwa nguvu za kijana wa miaka 17 aliyezoea kandanda, bali ipimwe kwa yule mwenye pumzi chache, awe mama, mtoto au mzee. Sisi walimu wa vyuoni tunalijua jambo hili kwa kazi yetu. Mwalimu hawezi kuendesha darasa kwa mwendo wa mwanafunzi aliyekwisha hifadhi. Akifanya hivyo, atamaliza juzuu na mwanafunzi mmoja, na waliobaki wataichukia elimu. Ni hivyo hivyo katika mlima, isipokuwa huko anayeachwa nyuma hapotezi somo tu, huenda akaipoteza njia.

Tena kila njia iwe na mlango wa kurudia. Kabla ya kuondoka tazameni katika ramani: tukichoka hapa, ipo barabara ya kuturudisha? Basi hupita wapi? Iwekwe saa ya kugeuka, na iandikwe. Mkiifikia saa hiyo kabla ya kuufikia mwisho, mnageuka, hata kama mwisho unaonekana kwa macho. Na kwa kuwa ni ada yetu wasafiri wasiende bila ya kiongozi, ateuliwe mmoja ambaye neno lake la kurudi halijadiliwi njiani.

Ama vifaa, si vingi. Baisikeli ya milimani ina tairi pana zenye meno, gia nyepesi za kupandia, na breki zenye nguvu. Zipo za kukodi Keswick, na mwenye kukodi azijaribu breki zote mbili mlangoni pa duka. Sheria ya Uingereza haimlazimishi mpanda baisikeli kuvaa kofia ngumu, lakini mawe ya huko hayaijui sheria hiyo. Kila mtu aivae. Chukueni tyubu ya akiba, pampu, viraka, dira, ramani ya karatasi, filimbi, tochi, koti la mvua na nguo moja ya joto kwa kila mtu, hata likiwa jua kali. Simu pia ichukuliwe, ila isitegemewe, maana katika mabonde mengi haishiki.

Kwa upande wa mama na mabinti, vazi refu lililo wazi chini hunaswa na mnyororo, na kunaswa katika mteremko ni kuanguka. Suruali pana iliyobanwa kifundoni, na juu yake nguo ya kufika magotini, husitiri na haileti khatari. Mtandio mwepesi uliofungwa vizuri hukaa chini ya kofia ngumu bila ya taabu. Na chakula ni bora kitoke nyumbani: chapati, mayai ya kuchemsha, tende, na chai ya tangawizi katika chupa ya moto. Mlimani hapana mkahawa, na katika miji midogo nyama ya halali si rahisi kupatikana.

Wiki moja Keswick

Katika likizo moja ya Julai nilichukuliwa na mpwa wangu akaaye Leicester, pamoja na mkewe, mwanawe wa miaka 17 na binti yake wa miaka 13, tukapanga nyumba ndogo Keswick kwa wiki moja. Yule kijana alikuwa na ramani yake tangu Leicester, na alikwisha chora juu yake mzunguko wa mlima Skiddaw wote: kupanda mpaka Skiddaw House, kuteremka upande wa pili penye maporomoko ya maji ya Dash, na kurudi kwa barabara ya Bassenthwaite, kiasi cha maili 20. Alitaka tuuanze siku ya kwanza.

Baba yake akamwambia, "Mwanangu, njia hii nzuri. Lakini dada yako ataweza?"

Kijana akanitazama. "Babu, wewe unasemaje?"

Nikamjibu kwamba mimi nimepanda baisikeli kwenda chuoni kwa miaka mingi, lakini barabara ya kwetu haina kontua hata moja. Tukacheka, tukakubaliana kwamba mzunguko ule utakuwa wa mwisho, na siku za kabla yake zitatuonyesha kila mmoja wetu ana pumzi kiasi gani.

Siku ya kwanza tulikwenda Threlkeld na kurudi, kwa njia iliyofuata reli ya zamani. Reli hiyo ilijengwa katika miaka ya 1860, na treni zikakoma mwaka 1972. Njia ni kilomita 5 tu, nayo imelala, kwa kuwa treni haiwezi kupanda mlima wa ghafula. Inapita juu ya mto Greta mara kwa mara, na ndani ya handaki moja. Tufani ile ya mwaka 2015 ilivunja madaraja yake mawili, na njia haikufunguliwa tena mpaka Desemba 2020. Hapo binti alijifunza kubadilisha gia kabla ya mwinuko na si katikati yake, nami nilijifunza kwamba breki za siku hizi zataka kidole kimoja tu.

Siku ya pili tulikwenda katika msitu wa Whinlatter, magharibi ya mji. Huko njia zimetengenezwa makusudi kwa baisikeli, na zimepewa rangi: kijani ni nyepesi, buluu ni ya wastani, nyekundu ni ngumu, na nyeusi ni ya mafundi. Mpwa wangu na mwanawe wakashika nyekundu, iitwayo Altura, ambayo mizunguko yake miwili ni kilomita 19. Mama, binti na mimi tukashika ya buluu, Quercus, ya kilomita 7.5, kwa mwendo wa jongoo. Faida ya msitu kama huu ni kwamba hapana mabishano juu ya ramani. Mtu huyajua mapema anayoyaendea. Familia isiyowahi kupanda milimani ianzie hapa, au katika msitu wa Grizedale ulio kusini.

Siku ya tatu tulitia mguu katika mlima wenyewe, kwa mzunguko wa Borrowdale. Tulipita kando ya Derwentwater, tukapanda kwa daraja la Ashness mpaka kitongoji cha Watendlath, kilicho katika kimo cha kiasi cha mita 260, penye ziwa dogo na daraja la mawe la zamani. Mpandio ule binti aliuenda kwa miguu karibu wote, akisukuma. Kaka yake alitangulia, akangoja, akatangulia tena, na uso wake ulikuwa ukisema asiyoyasema kwa ulimi. Mama yake akamwita, akampa kazi ya kukaa nyuma ya dada yake mpaka juu. Walipofika, binti ndiye aliyekuwa akicheka.

Adhuhuri ya Julai huko huingia baada ya saa saba mchana, na Magharibi karibu saa tatu na nusu ya usiku, hivyo siku ni ndefu na haina haja ya haraka. Tulitawadha kwa maji ya ziwa, yaliyokuwa baridi kama barafu, tukaitazama dira, na kusini-mashariki tukasali juu ya majani. Ni vema kituo cha Sala kitiwe katika mpango tangu jioni, pamoja na kituo cha chakula. Hapo ibada haiwi ya kukimbizana, na miguu nayo hupata haki yake.

Kutoka Watendlath njia ya farasi huvuka mgongo wa mlima kwenda Rosthwaite, na mteremko wake ni wa mawe yaliyolegea. Tulishuka tukaenda kwa miguu. Rosthwaite ndiyo tuliyokuwa tumeiandika kuwa mlango wa kurudia: mwenye nguvu aendelee kwa njia ya mawe chini ya Castle Crag mpaka Grange, na aliyechoka arudi Keswick kwa lami ya bondeni isiyo na mlima mkubwa. Mama na mimi tukarudi kwa lami bila ya haya. Binti akaendelea na baba yake.

Siku ya nne ilinyesha kutwa, na hakuna aliyetoka. Katika mpango wa wiki moja wekeni siku mbili zisizo na kazi, kwani mvua itazichukua kwa khiari yenu au bila ya khiari yenu.

Nyumba isiyohama

Siku ya sita ikawa ya Skiddaw. Waliokwenda ni wanne. Mimi nilibaki mjini, na kubaki kwangu kulikuwa kazi. Jioni yake kijana, ambaye baba yake alimteua kuwa kiongozi, aliandika karatasi mbili zilizo sawa, moja akaitia mfukoni na moja akaniachia. Ilisema: tunaondoka saa tatu, tusipofika Skiddaw House saa sita na nusu, tunageuka, upepo ukimyumbisha yeyote katika ukingo wa Lonscale, tunageuka, wingu likifunika njia, tunageuka, tutarudi saa kumi na moja, tusiporudi saa moja ya jioni wala kupiga simu, Babu aite msaada.

Msaada wa huko huitwa kwa nambari 999: mtu huomba polisi, kisha humwambia polisi kwamba anataka waokoaji wa milimani. Waokoaji hao hawalipwi mshahara. Ni watu wa mji, wenye maduka, wakulima na walimu, ambao huacha kazi na usingizi wao kwenda kumtafuta asiyemjua. Kikosi cha Keswick kilianzishwa mwaka 1947. Aliye mlimani bila ya simu hupuliza filimbi mara sita kwa dakika moja, hungoja dakika moja, kisha hurudia.

Basi nilikaa na karatasi yangu. Karibu saa tano mlima Skiddaw ulivaa wingu mpaka mabegani. Nilikuwa nikiitazama saa, na nakiri kwamba karatasi ile ilinituliza kuliko chochote, kwa maana nilijua wako wapi na nilijua nifanye nini na saa ngapi. Asiyeachiwa khabari hubaki na mawazo, na mawazo hayajui kuhesabu.

Saa nane kasoro robo walirudi, wamelowa. Nyuma ya kilima cha Latrigg njia inazunguka ubavu wa Lonscale kuelekea bonde la Glenderaterra, na hapo huwa nyembamba, mlima mkono mmoja na genge mkono wa pili. Walipofika karibu na pembe ile, upepo ulikuwa ukitoka bondeni kwa vishindo, na kishindo kimoja kilimsukuma binti akalazimika kuweka mguu chini. Hakuanguka. Baba yake alisema kwamba yeye mwenyewe alidhani wangeweza kupita kwa miguu, na kwamba Skiddaw House ilikuwa imebaki mwendo mfupi tu. Lakini kiongozi alisimama, akaitoa karatasi mfukoni, akaisoma, akaigeuza baisikeli yake. Hakuna aliyejadili.

Kijana alikunywa chai yake kimya. Alikuwa ameingoja siku ile tangu Leicester. Kisha akasema, "Babu, nyumba ile haihami."

Nimesomesha watoto miaka mingi, na nimewasikia wakisoma kwa sauti nzuri sana, lakini ni mara chache nimepata furaha kama niliyoipata kwa maneno yale.

Neno kwa vijana na wazee wao

Enyi vijana, ushujaa wa mlimani hauhesabiwi kwa vilele. Yeyote mwenye miguu hupanda; anayegeuka kwa hesabu aliyoiweka mwenyewe, hali moyo wake unataka kuendelea, huyo ndiye mtu wa kufuatwa. Nanyi wazee, msiwanyime watoto wenu milima kwa khofu, wala msiwaachilie kwa kupuuza. Waketisheni mezani, wapeni ramani na kalamu, wafanye wao hesabu ya kupanda, waandike wao saa ya kugeuka, kisha waacheni waishike. Atakayezoea kuutii mpango wake juu ya jiwe la Lonscale, atauweza na wa biashara yake na wa nyumba yake.

Likizo ikifika, na jamaa zenu wa Uingereza wakiuliza mnataka kuona nini, waambieni Keswick. Anzeni kwa njia ya reli. Mrudi wote.